Herufi Ndogo ya Mama

Kwako dada yangu,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara moja tu, nikaikunja. Huku baridi imepungua, koti limerudi kabatini.

Darasani tunasoma herufi kubwa za Kiingereza. Neno lao la "mimi" hupewa kubwa popote lilipo. Kinyozi ninayekaa naye dawati moja akaninong'oneza, "Hawa watu wanajipenda, mzee wangu!" Mama hupewa kubwa ukimwita tu; ukisema "mama yangu", anapewa ndogo.

Jana mwalimu alitaka sentensi moja. Niliandika kwamba mama yangu alizikwa Jumanne, nami sikuwepo. Akasahihisha Jumanne, kwa kuwa niliianza kwa herufi ndogo. Mama nilimpa ndogo, akaweka alama ya vema.

Ni sahihi, dada. Hayupo tena wa kumwita.

Wasalimie wote,
Kaka yako