Panga la Mtemi, Eti

Jumapili jioni

Eti mtemi alikuwa ananolea panga kwenye yale mashimo! Jitu zima, kazi yake kutembeza wageni bonde la Simiyu, halijui panga halinolewi shimoni. Mashimo yale ya mwambani ni ya kusagia mtama. Bibi yangu alisagia palepale, mtoto mgongoni.

Nikamwambia. Akanikenulia meno: "Mama, historia umesomea wapi wewe?"

"Kwa bibi yangu."

Wakacheka wote, hadi mume wangu. Wapuuzi.

Kinachoniuma ni binti yangu Neema. Njia nzima kurudi Buhongwa, "panga la mtemi, panga la mtemi." Tulipofika nikampakata, nikamweleza ukweli.

"Huyo bibi yako alikuwa anaitwa nani, mama?"

Mimi nilimwita Bibi tu. Kesho asubuhi nampigia mama.