Sijaikalia, Daktari

Shoga, uko macho? Nimeaibika mpaka nacheka peke yangu.

Alfajiri nilisikia kifuniko cha birika kikigongagonga jikoni. Nikamkuta binti yangu ameng'ang'ania meza, uchungu umemshika, na ilikuwa bado wiki tatu siku zake zitimie. Hospitali wakasema ni upasuaji.

Nikakaa kwenye benchi mlangoni pa chumba cha upasuaji. Mara mkunga akatoka mbio, akanitia rimoti ya kiyoyozi mkononi. "Bibi, nifichie. Nimeweka nyuzi ishirini na tano. Daktari akiipata atashusha mpaka kumi na nane, na kichanga chenyewe kidogo, kitatoka kimelowa kipigwe na baridi."

Nikaikalia.

Daktari huyo, pande la mtu, jasho linamtoka. "Shikamoo bibi. Umeiona rimoti?"

Unaujua mdomo wangu. Nikasema, "Sijaikalia, daktari!"

Sijaikalia! Nani aliniuliza habari za kukalia?

Akanitazama, akalitazama benchi. Nikamwambia, "Baba, mjukuu wangu bado mdogo." Akasema kwa upole, "Basi bibi, endelea kutoikalia." Akarudi ndani.

Shoga, mtoto katoka analia kwa nguvu! Nyayo nimezishika mwenyewe, zina joto. Mama yake mzima.

Daktari alitoka kalowa kama kanyeshewa. Nikamrudishia rimoti yake, nayo ina joto.

Akacheka. "Bibi, kesho asubuhi tuna mwingine mdogo kama huyu. Njoo tena, ukae hapa hapa."