Mume na Mke Mpaka Jumapili

Jumatano, 4 Juni 2025

Baridi ya mji huu wa Orange leo – wacha tu! Asubuhi nimekwangua barafu kwenye kioo cha gari kwa kadi ya maktaba. Nimefika nyumbani kutoka shifti ya usiku, nataka kitanda tu, namkuta Muema, kijana wetu wa kanisani, mlangoni. Na mandazi! Kijana huyu haniletei mandazi bure.

Kumbe anataka kuoa. Msichana anaitwa Nsimire, Mkongo, anakaa Merrylands kule Sydney na wazazi wake. Walikutana kwenye kozi ya kutunza wazee. Mwaka mmoja na nusu wa mapenzi na mimi sina habari, halafu najiita mama wa kanisa. Baba yake, Mzee Bisimwa, amekubali kumsikiliza Jumapili hii, ila kwa sharti. Muema aje na wasimamizi, mke na mume wenye ndoa ya kupigiwa mfano. Ndio watakaosimama nao siku ya harusi na kuwaamua wakigombana. Bila hao, hakuna maongezi.

Na mfano wenyewe, anasema Muema, ni mimi na mume wangu Maxwell.

Nilicheka mpaka nikapaliwa na andazi. Akadhani ni furaha.

Maxwell alihama Machi. Anakaa kijumba cha uani kwa mwenzake wa kazi, upande ule wa reli. Kanisani tunaketi pamoja, tunashika kitabu kimoja cha nyimbo, tukitoka kila mtu na gari lake. Tunasingizia shifti. Miezi mitatu na hakuna aliyegutuka! Sikujua nina kipaji. Nilikuwa nikatae, aki ya Mungu. Lakini Muema akasema hana mtu mwingine nchi hii, mama yake yuko Mwingi, baba hayupo. Mdomo ukasema tutakuja. Mdomo huu!

Nimempigia Maxwell. Akasema sawa. Kisha akauliza, gari langu au lako? Hilo ndilo swali pekee alilokuwa nalo.

Alhamisi, 5 Juni 2025

Makubwa. Nsimire amemwonya Muema, Muema ameniletea mimi: mzee hafanyi maongezi, anafanya intavyu. Alikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na mitatu akihojiwa kuhusu kuja huku. Mnatenganishwa, wewe chumba hiki, mkeo kile, mnaulizwa maswali yale yale, kisha majibu yanalinganishwa. Mlipika nini siku ya harusi? Mlango wa nyumba ulitazama wapi? Yeye na mkewe, Mama Cécile, walipita. Tangu hapo haamini kipimo kingine cha ndoa. Ana daftari.

Daftari!

Nimemtumia Maxwell ujumbe. Amejibu kwa kidole gumba.

Ijumaa, 6 Juni 2025

Tumeondoka saa saba mchana, gari la Maxwell. Linanuka chipsi – ndivyo anavyokula siku hizi. Tunalala milimani leo, kesho tunateremka Sydney. Muema kiti cha nyuma, suti yake imening'inia dirishani. Yeye ndiye Mzee Bisimwa: anauliza, tunajibu. Anadhani tunajikumbusha. Maskini, tunajifunza upya.

Bathurst: Maxwell anakunywa chai vipi? Nikasema sukari mbili. Maxwell akasema ameacha sukari. Lini? Aprili. Muema akacheka, Auntie, unaishi na mtu hujui ameacha sukari! Nikasema shifti. Shifti imebeba dhambi zote za nyumba hii.

Lithgow: Nani huamka kwanza? Tukajibu pamoja, "Mimi!"

Kwenye mpando wa Mount Victoria, nyuma ya lori, ukungu umeanza: Mume analala upande gani wa kitanda? Maxwell akasema ukutani. Nikasema ukutani nalala mimi. Na ni kweli – tangu Machi nimehamia ukutani. Godoro lote ni langu na bado nimejibana upande mmoja kama mpangaji. Maxwell hakuniangalia. Akasema polepole, andika ukutani ni yeye. Muema akaandika.

Moteli iko Blackheath. Muema amelipia chumba kimoja cha familia. Kitanda kikubwa cha sisi "wazee", na cha ghorofa, cha watoto, chake yeye. Mwenye moteli ni mzee wa Kihindi kutoka Ooty, mji wa milimani kwao. Alitudharaulia milima yote papo hapo. Hivi ni vichuguu, anasema. Kwao kuna barabara ya kona thelathini na sita, kila kona na namba yake, na maharusi wa kusini yote wanapandia fungate huko. Kusikia sisi ni mume na mke akafurahi mno. Akaingia kitandani kwetu – yaani akapanga kitanda – akakunja taulo mbili zikawa bata wawili wanabusiana.

Muema akapiga picha. Maxwell akamchukua bata mmoja, akaenda naye kuoga. Nilicheka. Sikutaka.

Jumamosi, 7 Juni 2025

Blanketi moja, migongo imegeukiana, katikati pangepita lori. Muema juu anakoroma kwa amani. Maxwell bado anasaga meno usingizini. Sauti hiyo nilikuwa nikiichukia miaka kumi na miwili. Asubuhi hii nilipoamka nikaisikiliza. Nimemkumbuka mtu huyu. Haya, nimeandika, yaishe.

Mzee wa Ooty katupikia chai ya tangawizi ya kuamsha maiti. Katuonya tusipoteze hela Katoomba, ukungu wa huko ni huu huu na wa kwake ni wa bure. Hatukusikia. Muema anataka picha yetu mbele ya yale majabali ya Dada Watatu, amtumie mzee kama ushahidi. Tumefika, hakuna dada hata mmoja! Weupe mtupu. Watalii zaidi ya mia wamesimama kwenye uzio wanapiga picha ukungu.

Muema anatufokea, shikaneni basi, mmesimama kama watu wa pasipoti! Maxwell akaniwekea mkono begani. Picha imetoka vizuri, shida ndiyo hiyo. Tunaonekana tumeoana kabisa. Muema akaituma Merrylands kabla sijamzuia.

Leura tukala skonzi na jamu kwenye duka la mapazia ya maua. Mbwa wanapita wamevaa sweta, mimi natetemeka na koti la kanisani. Maxwell akanisukumia kikombe chake nipashe mikono.

Tukateremka. Pale mwisho wa mlima ukungu ukaisha ghafla, Sydney yote ikawa chini yetu, maghorofa ya katikati ya jiji madogo kule mbali. Muema akasogea mbele katikati ya viti vyetu. Akauliza, Auntie, mkigombana huwa mnafanyaje? Nikasema hilo liko kwenye orodha? Akasema hapana, anauliza yeye. Baba yake alitoka nyumbani yeye ana miaka minne, hajarudi. Hajawahi kuona watu wawili wakigombana halafu wakabaki. Ndiyo maana ametuchagua sisi.

Nilimwangalia Maxwell. Maxwell akawasha redio. Mpaka hapo nilikuwa naona ni mchezo. Sasa naogopa. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu inaishia Merrylands kesho saa nane.

Tumelala Parramatta kwa rafiki wa Muema, mimi na binti zake, Maxwell kwenye kochi. Wageni ni wengi, hakuna aliyeuliza.

Jumapili, 8 Juni 2025 – asubuhi

Balaa juu ya balaa! Nsimire kapiga simu saa moja. Amemtuma Muema atuulize kama majibu yetu yanalingana. Nikasema kwa fahari, yote, tumekariri! Kule kwenye simu msichana akashika kichwa, nilimsikia.

Mwaka jana aliletewa posa dada yake, Emerance. Wasimamizi wakajibu kama kwaya, neno kwa neno. Mzee akafunga daftari, akawalisha vizuri, akawasindikiza mpaka kwenye gari, na hawakuitwa tena. Kambini, anasema, waliokuwa wanalingana sana ndio waliokuwa wamefundishana. Mume na mke wa kweli hawaikumbuki mvua ile ile kwa namna moja.

Kilomita mia mbili tumekariri! Sasa tunakaa kwenye gari, nje ya duka la kuoshea nguo, tunagawana makosa. Chai: yeye aseme hanywi sukari, mimi niseme mbili. Siku ya harusi: yeye aseme mvua, mimi niseme jua. Nsimire kadokeza kuna swali la mara ya mwisho kumkosea mwenzio. Hilo tumekubaliana tuseme vitu vidogo. Yeye alisahau kutoa pipa la takataka, mimi nilichoma shati lake kwa pasi, yakaisha. Muema anasema ni ya kibinadamu.

Maxwell alikuwa anaangalia nguo zikizunguka. Akasema, Jero, umechoka? Nikasema hapana. Akasema yeye amechoka.

Jumapili, 8 Juni 2025 – mchana, Merrylands

Naandika chumbani kwa Nsimire, juu ya kitanda chake, viatu nimeviacha mlangoni. Nyumba nzima inanukia sombe, kisamvu cha Kikongo, na samaki. Mzee Bisimwa ni mtu mdogo, suti ya kijivu, miwani ya kamba. Mpole kupita kiasi. Alinishika mkono kwa mikono miwili. "Hapana ogopa, Maman. Miye si polisi. Njo desturi yetu tu." Halafu akatutenganisha. Daftari lina jalada jeusi. Na ana kalamu mbili!

Maxwell ndiye wa kwanza, yuko naye jikoni. Muema sebuleni na Mama Cécile, analoa jasho mwezi wa Juni. Amekunja magoti pamoja kama mtoto wa siku ya kwanza shule. Nsimire ametumwa dukani kununua soda ambazo ziko kwenye friji.

Ukuta huu ni karatasi. Nasikia kila kitu.

Chai? Bila sukari, anasema Maxwell. Safi. Siku ya harusi? Mvua, hema likavuja, shangazi yangu akaanguka kwenye tope. Safi – lakini ala, shangazi alianguka kweli! Basi ilinyesha. Mimi ndiye nilikuwa nimesahau.

Sasa la tatu. Papa Maxwell, mara ya mwisho ulimukosea bibi yako, ulifanya nini?

Nasubiri pipa. Sema pipa.

Nasikia kiti kinalia.

Anasema, siku mama yake Jero alipofariki. Nayaandika yanavyotoka. Simu ilikuja asubuhi, Septemba, na ndege ilikuwa jioni, Sydney. Anasema alienda kazini. Aliogopa kuomba ruhusa. Halafu akajisahihisha: si ruhusa. Aliogopa saa nne za barabara na mimi nalia, na yeye hana la kusema. Nikapanda basi peke yangu. Niliporudi kutoka mazikoni Kapsabet akaniuliza kama nimekula. Hatukulizungumza tena, anasema. Kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kulianza.

Mzee anauliza, ulimuomba musamaha?

"Bado, mzee."

Bado! Miezi tisa, bado! Ningekuwa na kiatu karibu ningekitupia ukuta. Nalia kwenye mto wa msichana wa watu, nimeupaka wanja wote.

Mzee anakohoa, anauliza lingine. Na sasa munaishi namna gani, nyinyi –

Na hapo jirani kawasha mashine ya kupuliza majani! Jumapili! Majani matano uani, nayaona dirishani. Sisikii kitu. Naona tu kivuli cha Maxwell kwenye kioo cha mlango wa jikoni, mkono unapanda, unashuka. Jibu ni refu. Amesema kijumba? Amesema Machi? Kama amesema, nami nikaingia na hadithi za ukutani, Muema amekwisha. Kama hajasema nami nikasema, Muema amekwisha na nimemmaliza mimi.

Mashine imezimwa. Kiti kimesukumwa. Maxwell anasema asante, mzee.

Amepita hapa mlangoni. Macho mekundu. Akafungua mdomo, mzee akiwa nyuma yake na daftari, akaufunga. Nikamwona anavyoenda kuketi karibu na Muema, na Muema anavyomtazama usoni kutafuta habari.

Mama Cécile anabisha. Maman Jerotich, ni zamu yako, pole-pole tu. Nimesema nakuja.

Chai, nitajibu. Mvua, nitajibu. Lakini maswali ni yale yale. La tatu ataniuliza mimi nilimkosea Maxwell lini, na nimekaa hapa na shati la pasi mdomoni kumbe kosa lenyewe si shati.

Siku ile ya simu ya msiba, asubuhi, aliniuliza. Alisimama na funguo za gari mkononi akauliza, nikupeleke? Mimi nilikuwa nakunja nguo. Sikugeuka. Nikasema, nenda tu kazini. Nilitaka nione kama atakwenda.

Hilo sijamwambia mtu. Hata humu sikuwahi kuliandika.

Wanabisha tena. Nakuja, Mama, nakuja –