Kifungo Alichomeza Kiraka

Nyumbani,
chumba cha mbele, penye cherehani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu sote. Hujambo wewe, na kile kikohozi kimekuachia? Usiniandikie tena "niko salama" halafu basi. Niambie unakula nini na kama unavaa lile sweta. Sisi huku ni wazima. Mama hajambo, na safari hii sisemi hivyo kwa adabu tu. Soma taratibu, utaona kwa nini.

Umeuliza umtumie Kiraka biskuti zipi na vitu gani vya kutafuna. Umeuliza kwa wakati wake. Tangu ulipomwacha hapa mlangoni, miezi miwili sasa, yule mtoto wa mbwa ameanza kubadili meno na kila kitu kwake ni chakula. Ametafuna mguu wa kiti, waya wa pasi (haukuwa na umeme, tushukuru) na futi yangu ya kupimia, ambayo sasa inaanzia inchi ya nne. Mteja wa kwanza niliyempima nayo nilimwambia kiuno kimeongezeka. Aliondoka amenuna.

Unajua Mama alivyokuwa ulipoondoka. Tangu kiharusi kimpige mkono wa kulia hakuwahi kushika sindano. Lile shati aliloanza kukushonea kabla ya kuugua lilibaki limening'inia kwenye msumari karibu na dirisha, limekamilika isipokuwa vifungo. Nilipotaka kulimalizia alinikatalia katakata. "Usiliguse. Ni la mwanangu, nitalimaliza mwenyewe." Basi kazi yangu ikawa kulipangusa vumbi.

Yule dada wa mazoezi ya viungo alimletea mpira wa kuminya. Mama akautupa chini, akasema yeye si mtoto. Kiraka akaudaka. Kumbe kumnyang'anya mbwa ni jambo lingine kabisa. Kila asubuhi Mama alikuwa anauvuta mpira kwa mkono ule ule mbovu huku akimtukana, na vidole vikaanza kufunga kidogo kidogo. Mimi nilijifanya hamnazo, nahesabu pini zangu. Niliogopa nikisema neno ataacha.

Kwa hiyo elewa jinsi nilivyoharibu. Mpira ulipopasuka, nikasema nimshonee Kiraka sungura wa kitambaa. Mtu mwingine angekunja tambara, akalifunga fundo, akamaliza. Lakini mimi unanijua, siwezi kutoa kazi nusu nusu mikononi mwangu, hata kama mteja ana mkia. Nikamwekea sungura masikio yenye bitana na macho mawili ya vifungo vya buluu kutoka kwenye kopo la Mama. Alipendeza kweli. Kabla sijamaliza kujisifu, jicho moja lilikuwa limeviringika chini ya meza na la pili halionekani popote.

Nilimpanua Kiraka mdomo, hamna kitu. Mama naye akafungua kopo, akahesabu, kisha akaniangalia. Vile vifungo alivinunua kwa ajili ya shati lako. "Amemeza kifungo cha mwanangu," alisema, akakaa.

Nilimbeba Kiraka mpaka kwa daktari wa mifugo. Alimpapasa tumbo, akauliza kifungo kilikuwa cha namna gani. Nikamweleza: cha plastiki, matundu manne, nusu inchi kasoro. Akacheka, akasema hajawahi kupata maelezo mazuri kiasi hicho. Kwa upana huo, alisema, huenda kikapita chenyewe. Tumchunge siku mbili, na akitapika au akikataa kula tumrudishe mara moja.

Siku mbili hizo Mama hakufanya zoezi lolote. Alikaa kando ya boksi la Kiraka, mkono wa kulia umelala mapajani. Nilijilaumu sana. Nilijiona nimevunja kwa sungura mmoja kile ulichokijenga wewe kwa kutuletea mbwa. Asubuhi ya tatu ungenikuta uani, mimi ninayeshonea maharusi, nimechuchumaa na kijiti nikikagua. Kifungo kilikuwemo. Nilipiga kelele mpaka fundi saa wa jirani akachungulia ukutani, na sikumweleza.

Sasa kuhusu kifurushi. Biskuti usitume, Mama alikuwa anamlisha zake za chai kwa siri, na daktari ametukataza vitamu, pamoja na chokoleti, zabibu na vitunguu. Mifupa iliyopikwa nayo hapana, hupasuka ikawa na ncha. Anapata karoti nzima iliyokaa kwenye friji, maana ubaridi unamtuliza fizi, na nyama ya kuchemsha isiyo na chumvi, vipande vidogo. Daktari alisema kila kipande kisizidi ukubwa wa kifungo, akanitazama.

Tuma pete ya mpira, kubwa kiasi kwamba haiwezi kuingia yote mdomoni. Ikandamize kwa ukucha dukani: isipobonyea hata kidogo, itamvunja meno. Kwa sasa anatafuna msuko wa jinzi kuukuu niliomfungia mafundo. Hauna macho. Ncha moja anaivuta yeye, nyingine Mama.

Nami nakutumia shati lako. Mama alilishusha msumarini Jumatatu iliyopita, akanitoa chumbani. Vifungo saba vimemchukua siku nne. Kile alichomeza Kiraka nilikiosha kwa sabuni na maji ya moto mara tatu, lakini wifi asijue.

Msalimie sana wifi yangu, umbusu binti yenu kwa niaba ya shangazi yake. Mjomba dereva anakusalimu, anasema mguu umepona na ameanza tena kuendesha. Mungu awalinde huko mliko, awafungulie njia, na atukutanishe tukiwa na afya hii hii au zaidi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua,

Fundi wa Chumba cha Mbele

Nyongeza: Kifungo cha tatu kutoka juu kimekaa upande na uzi wake umejikunja. Usikipeleke kwa fundi yeyote akinyooshe. Mimi mwenyewe nilishika mkasi mara mbili, nikauweka chini.