Baridi ya Mwazye

Mwazye, Julai

Dada Rosalia,

Shikamoo. Mimi mzima, ila baridi ya huku Ufipa si ya mchezo, nalala na sweta. Ugali wa ulezi nimeanza kuuzoea. Waumini ni wakarimu, lakini wakishanisalimu kwa Kiswahili wanarudi kwenye Kifipa chao, nami nabaki kutabasamu tu.

Juzi niliitwa kumpaka mafuta Bibi Bertila, mgonjwa wa siku nyingi. Nilipomaliza akanishika mkono, akasema maneno kwa Kifipa. Nikamwuliza binti yake, Lydia, mama anasemaje.

"Anauliza, Padri, mama yako anajua kwamba huku kuna baridi hivi?"

Nikasema, "Mwambie anajua."

Lydia akamwambia. Bibi akatabasamu, akaniachia mkono. Alfajiri alifariki. Jana tumemzika, na pale kaburini nilishindwa kumaliza sala, wanakwaya wakanimalizia.

Dada, mama alizikwa Masasi nikiwa bado njiani kutoka huku, na tangu siku ile mimi na wewe hatujaligusa jambo hilo. Naomba uniandikie mlivyomzika. Usiache kitu.

Mdogo wako,
Gaudensi