Viboksi kwenye Simu ya Babu

Jumapili, 9 Juni 2024
Imekubali! Kibodi ya Kichagga niliyoitengeneza imekubali! Ile r yenye alama kichwani, ya kwenye kitabu cha sala cha Babu Wenseslaus, sasa naiandika kwenye simu. Kibodi nimeirusha kwenye grupu la ukoo, halafu nikazima data kwa aibu. Kuongea Kichagga siwezi — binamu zangu wananicheka, eti naongea kama mtalii. Kuandika je? Hakuna anayenisikia.

Jumanne, 11 Juni
Baba mdogo Thadeus kanitext kutoka Dar. Eti kibodi ni moto. Anataka kumwomba Babu msamaha kwa Kichagga chenyewe, si Kiswahili cha ofisini. Simu zake Babu hapokei tangu mwaka juzi, baba mdogo alipong'oa kahawa yote ya kihambani, shamba letu la ukoo, na kupanda parachichi — Babu mwenyewe wakati huo alikuwa kalazwa hospitali, hajui lolote!
Kibodi yangu mimi.

Jumatano, 12 Juni
Jamani. Jamani!
Meseji imefika kwenye kisimu cha Babu, karibu kila neno lina viboksi. Simu ya kizamani, zile herufi haizijui. Babu akaisogeza mbali na macho. "Huyu kanitumia maboksi ya parachichi. Ananiringia mavuno!"
Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Babu hakucheka. Kaenda zake kwa ng'ombe, chai kaiacha.
Nilitakiwa niseme kosa ni la kibodi yangu. Nikabaki naosha vikombe visafi.

Alhamisi, 13 Juni
Nimempigia baba mdogo, nikalia kidogo. Akasema usilie mama, kachume jani la isale pale mpakani, umpelekee, halafu umsomee wewe ile meseji, nakurushia. Isale ndilo jani letu la kuombea msamaha, Babu hawezi kulikataa, hiyo najua. Lakini kusoma — mimi! Kwa sauti!
Nimeenda. Shikamoo Babu. Marahaba. Nikaweka jani magotini pake. Hakuligusa. Akasema tu, soma.
Nikasoma kutoka kwenye simu yangu. Sauti kama ya mbu. Mstari wa kwanza tu akanikatiza: "Unasoma kama padri Mzungu. Rudia." Nikarudia. Akanirekebisha, nikarudia tena. Kumbe ananirekebisha taratibu, hanicheki! Tulipofika kwenye kahawa akaacha kunirekebisha. Akawa anatazama migomba.
Nilipomaliza akatoa kisimu chake, akauliza, na hiki kiboksi cha mwisho mbona umekiruka? Nikamwonyesha kwangu: kipicha cha jani la kijani.
"Hili si isale."
"Ndiyo, Babu. Isale kwenye simu halimo."
Akakitazama weee. Kisha akaliokota lile la magotini, akalichomeka mfuko wa shati. Nitafutie namba ya baba yako mdogo, akasema. Hapana, nipe nibonyeze mwenyewe.
Naandika hapa hapa barazani. Kaishika simu kwa mikono miwili. Inaita. Bibi kasimama mlangoni na mwiko. Bado inaita.
Babu amevua kofia.