Dawa ya Mikorosho Uliyoimwaga Mtoni

Mdogo wangu Hamisi,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu wewe umenisema mbele ya watu. Kila anayevuka Ruvuma kutoka huko Msumbiji uliko anafika Kitangari na neno lako lilelile: dada yangu aliniuza. Sasa nisikilize na mimi.

Unakumbuka baba alivyokuwa akituteremsha mtoni msimu wa korosho ukiisha? Mimi nilibeba migono ya kunasia samaki, wewe ulibebwa mgongoni, maana kutembea ulikuwa hutaki. Siku moja alimrudisha majini kambale mwenye mayai, ukalia. "Mwache akazae," alikwambia. Ulinuna hadi nyumbani. Nikakupa samaki wangu wa kuchoma ili unyamaze.

Nilipopata kazi ya kupima samaki hapohapo mtoni, ulinicheka. Mtu na akili zake anamlaza perege kwenye rula. Nilikueleza kwamba tukijua wanavuliwa samaki gani, wa ukubwa gani, tutajua mto umechoka kabla haujatufia. Uliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Kisha ukachukua dawa ya maji tunayopulizia mikorosho, ukaimwaga kwenye bwawa la mto. Nilifika asubuhi nikakuta wameelea, wakubwa kwa wadogo, wengine hawafiki urefu wa kidole. Wewe ulikuwa unawaokota na kuwatia kwenye ndoo.

"Hamisi, umewafanya nini hawa?"

"Dada, mto hauna mwenyewe. Wewe pima, uandike wengi."

Nilikuomba uwafukie. Ukaitikia, kumbe ukapanda nao hadi gulioni. Jioni ile Zuhura, mtoto wa jirani yetu, alitapika mpaka akalegea, wakamkimbiza hospitali Newala kwa bodaboda. Alipona. Lakini mimi nilimwona mama yake alivyokaa chini kwenye korido, kanga mdomoni. Bwana samaki wa wilaya alipokuja kuuliza, nilikutaja. Ukavuka kabla hawajakufikia.

Hasira yangu haijapoa, na sina mpango wa kuipoza. Wavuvi waliokuwa wakiniita nije nipime sasa wananikwepa, hawana cha kunionyesha. Nateremka, nakaa, napandisha mlima bila kumgusa hata samaki mmoja. Shangazi zetu wananipita bila salamu, eti nimemfukuza mtoto wa kiume wa nyumba. Mama kila siku anauliza kama unakula vizuri. Habari za Zuhura hajauliza hata mara moja.

Sifuti nilichosema. Na wewe acha kunitumia maneno kwa wapita njia. Vuka, uniamkie, nitakuitikia marahaba kama siku zote. Kisha tutaongozana hadi kwa Mama Zuhura, na tukifika pale, mimi nitanyamaza. Utaongea mwenyewe.

Kaa salama huko uliko, hata kama nimekasirika.

Dada yako